Elfu Moja kwa Siku: Namna ya Kuitangaza Biashara Ndogo Bila Kuvunja Kibubu

Wahenga wanasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ni kweli, lakini kizuri hujiuza kwa aliyekiona. Sambusa zako zinaweza kuwa tamu kuliko zote Tandika, Dar es Salaam. Kama anayekaa mtaa wa pili hajui kwamba upo, atanunua za mwingine, atashiba, na siku yake itaendelea.

Kujulikana hakuhitaji bango la barabara kuu. Tenga shilingi elfu moja kila siku, kabla hujaanza kuhesabu faida. Iwekee kibubu chake. Siku biashara ikiwa ngumu, weka mia tano, lakini usiruke. Mwisho wa mwezi utakuwa na kama 30,000, na karibu kila nitakachokueleza hapa kinaingia humo.

Jambo moja lishike tangu mwanzo: mtangazaji wako wa bei rahisi kuliko wote ni mtu aliyekwisha kununua kwako akaridhika. Tutaanza na yeye. Kisha jirani yake, kisha mtaa, na mwisho kabisa wale wasiokufahamu. Wengi huanza na hao wa mwisho, ndiyo maana hela ya matangazo inaondoka na haijulikani imekwenda wapi.

Sema unachouza kwa pumzi moja

Chukua karatasi. Andika sentensi moja inayotaja vitu vinne: unachouza, sifa yake, mahali ulipo na saa unazopatikana. Mfano: "Nauza sambusa za nyama na chapati za moto, Tandika nyuma ya soko, kuanzia saa kumi na moja alfajiri mpaka saa nne asubuhi."

Acha maneno kama "huduma bora" na "bei poa". Kila mtu anayasema, kwa hiyo hayamwambii mteja chochote. "Za moto" na "saa kumi na moja alfajiri" yanamwambia anayewahi daladala kwamba kifungua kinywa chake kipo.

Isome sentensi hiyo mbele ya jirani, halafu mwombe airudie bila kuangalia. Akikwama, ifupishe. Ukishaipata, itumie vilevile kila mahali: mlangoni, kwenye simu, kwenye mfuko, na mdomoni mwako mtu akikuuliza unafanya kazi gani.

Fungua daftari la wateja

Mali bila daftari hupotea bila habari. Wateja ni mali, nao wanahitaji daftari lao. Chora safu tano: jina, namba ya simu, alichonunua, tarehe, na aliyemleta au alikokusikia.

Usiombe namba kavukavu. Mpe mtu sababu: "Dada, Ijumaa nitakuwa na sambusa za kuku. Nikuandike namba yako nikujulishe zikiwa tayari?" Akikubali, andika palepale. Akikataa, mshukuru na mhudumie vilevile.

Namba uliyopewa ni amana. Usimgawie muuzaji mwenzako, usiibandike kwenye kundi la watu asiowajua. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, lakini hata bila sheria, mteja akiona namba yake imetembea hatakuamini tena.

Mrudie mteja siku ya tatu

Huu ni ujumbe mmoja wa simu, na wafanyabiashara wachache sana huutuma. Siku mbili tatu baada ya kununua, muulize mteja alichonunua kimemfaaje.

Kama wewe ni fundi cherehani, andika hivi: "Shikamoo mama. Ni fundi wako wa Tandika. Gauni la juzi limekukaa vizuri? Kama kuna pa kubana au kuachia, niletee, sitakutoza." Basi. Usiweke bei wala tangazo lingine.

Ujumbe huo unafanya kazi mbili. Kama kuna kasoro, utaisikia wewe kabla mtaa haujaisikia. Kama hakuna, umemkumbusha kwamba yupo fundi anayemjali, na wiki ijayo kwenye kikao cha kamati ya harusi, wakijadili nani atashona sare, jina lako ndilo litakuwa mdomoni mwake.

Omba uletewe mtu

Wateja wengi walioridhika hawakusemi kwa sababu hakuna aliyewaomba. Waombe. Wakati mzuri ni pale mteja anapokusifu, si kesho yake.

Anaposema "leo chai yako imekolea," mjibu: "Ahsante, kaka. Hapo ofisini kwenu nani mwingine anakunywa chai saa nne? Njoo naye kesho, na kikombe chako ni juu yangu." Ombi liwe la mtu mmoja na siku moja. Ukisema "niambie watu" hataambia mtu. Ukisema "njoo na mmoja kesho" atamfikiria palepale aliyeko meza ya jirani.

Mpe kitu aliyeleta, na mpe kitu kidogo aliyeletwa. Andika ahadi hiyo kwenye daftari siku hiyohiyo. Ahadi ni deni, na ukimsahau aliyekuletea mteja umempoteza yeye pamoja na wote aliokuwa awalete.

Ongeza, usipunguze

Biashara ikipoa, mkono wa kwanza huenda kwenye bei. Uzuie. Tupige hesabu ya chapati.

Tuseme chapati moja unaiuza 500 na inakugharimu 350. Faida ni 150. Ukipunguza 50 tu, faida inabaki 100. Maana yake, ili upate zile 1,500 ulizokuwa ukipata kwa chapati kumi, sasa lazima uuze kumi na tano. Unga zaidi, mafuta zaidi, mkaa zaidi, mgongo uleule. Na siku ukirudisha bei, wateja watasema umepandisha.

Sasa weka nyongeza. Mteja akinunua kumi, ya kumi na moja bure. Umepata faida ya 1,500, umetoa chapati iliyokugharimu 350, unabaki na 1,150. Bei yako haijatikisika, na mteja amekwisha kununua kumi kabla hujampa kitu.

Kata kadi ndogo za karatasi ngumu, chora visanduku kumi, na gonga muhuri au tia saini kila anaponunua. Mpe kadi ikiwa tayari na alama moja. Kadi iliyokwisha kuanzwa haitupwi ovyo. Kwa saluni, nyongeza inaweza kuwa kuoshwa nywele bure mara ya sita. Kwa genge, ni fungu la mchicha kwa anayenunua mahitaji ya wiki nzima. Anayenunua gengeni husema "niongeze" hata kabla ya kulipa. Wewe mwahi.

Mfuko wako ubebe jina

Mjini Mombasa, mfanyabiashara wa khanga Kaderdina Hajee Essak, aliyejulikana zaidi kama Abdulla, alikuwa akitia alama kwenye khanga zake: "K.H.E. Mali ya Abdulla". Inasemekana ni yeye aliyeanzisha mtindo wa kuandika misemo ya Kiswahili kwenye khanga, mwanzoni mwa karne ya 20. Kila mwanamke aliyejifunga khanga yake alitembea na jina la duka. Mtu akiipenda, hakuuliza imetoka wapi, alisoma.

Fanya hivyo na mfuko wako. Tanzania Bara imepiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tangu Juni 1, 2019, kwa hiyo huenda tayari unafungia kwenye mifuko ya kaki. Mfuko wa kaki ni ukurasa mtupu. Tengeneza muhuri wa mpira wenye mistari mitatu tu: jina la biashara, unachouza na mahali, namba ya simu.

Ukiuza vitu vya mafuta, gonga muhuri juu, karibu na mdomo wa mfuko. Chini, mafuta ya sambusa yatapenya kwa dakika tano tu na namba haitasomeka tena. Gonga mifuko yote usiku, uache wino ukauke. Ukigonga asubuhi kwa haraka, wino utahamia kwenye vidole vya mteja. Jaribu kwanza mfuko mmoja: weka sambusa mbili za moto, subiri robo saa, halafu usome namba. Ikisomeka, endelea na mifuko mia.

Fundi cherehani, wewe una nafasi nzuri zaidi. Shona kilebo kidogo ndani ya kola. Muuza asali au pilipili, bandika stika kwenye chupa, na uandike juu yake: "Ikiisha, piga namba hii."

Hamia WhatsApp Business

Pakua WhatsApp Business. Ni bure. Kaa nayo jioni kwa muda wa saa moja, uimalize yote kwa mkupuo mmoja.

Kwanza, jaza wasifu: ile sentensi yako, saa za kazi, mahali ulipo. Pili, weka katalogi. Anza na bidhaa tano zinazouzika zaidi, kila moja na picha na bei. Taja bei. Mteja akiona "njoo inbox" anadhani ni ghali na anapita. Tatu, andika ujumbe wa kukaribisha utakaojituma mtu akikuandikia mara ya kwanza, na ujumbe wa kujibu ukiwa umefunga. Nne, tengeneza majibu ya haraka kwa maswali unayoulizwa kila siku: mnapatikana wapi, mnaleta mpaka nyumbani, nalipaje.

Kisha jambo ambalo wengi hawalijui. Ukituma ujumbe kwa njia ya Broadcast, unawafikia tu waliohifadhi namba yako. Status nayo ni hivyohivyo: lazima yeye awe na namba yako na wewe uwe na yake. Kwa hiyo kazi yako kubwa ni kuhakikisha mteja ameihifadhi. Mwambie na jina la kuhifadhi: "Niandike Sambusa Tandika." Njaa ikimuuma hatakumbuka jina lako la ubatizo. Atatafuta neno sambusa kwenye simu yake, na utatokea wewe.

Status hudumu saa 24, itumie kwa mpangilio. Saa mbili usiku, weka unachopika kesho na uombe oda. Saa kumi na mbili asubuhi, weka kilichotoka jikoni. Picha mbili au tatu zinatosha. Ukiweka ishirini, watu watakuruka. Na Broadcast tuma mara moja kwa wiki, ukiwa na habari kweli. Kundi la familia au la msiba si soko. Waache watu waomboleze.

Piga picha inayomtia mtu njaa

Simu yoyote yenye kamera inatosha. Tatizo kubwa huwa ni kioo cha kamera kilichojaa vumbi na mafuta ya mkono. Kifute kwa pindo la shati kabla ya kila picha.

Toa chakula jikoni, kipeleke mlangoni au dirishani, kati ya saa mbili na saa nne asubuhi. Zima flashi. Tandika khanga ya rangi moja tulivu au kitambaa cheupe. Weka sambusa nne, na moja uipasue katikati ili nyama na kitunguu vionekane. Weka kipande cha limau pembeni. Mkono wa mtu ukiingia kwenye picha, mteja anaona ukubwa wake bila kuuliza. Sogea karibu, usikuze picha kwa vidole.

Kwa nguo, mvalishe mtu badala ya kutundika ukutani. Kwa nywele, piga mbele, nyuma na upande. Omba ruhusa kwa mteja kabla ya kumpiga, na tena kabla ya kumweka hadharani. Wengi watakubali kwa furaha ukiwaonyesha picha kwanza na ukaahidi kuwatumia.

Usichukue picha za watu wengine mtandaoni. Mteja akija na picha mkononi na wewe ukampa kitu tofauti, ndio mwisho.

Fanya malipo yakutangaze

Kama unapokea malipo kwa namba yako binafsi, badilisha. Omba Lipa Namba kutoka kwa wakala au duka la kampuni ya simu, isajiliwe kwa jina la biashara. Mteja akilipa, jina hilo linamtokea kwenye simu kabla hajathibitisha, na linabaki kwenye ujumbe wa muamala. Mwezi mzima baadaye, akipekua meseji zake, anakukuta.

Bandika namba hiyo mahali inaposomeka bila kuinama. Andika kubwa, kwa herufi za kuonekana hatua tatu mbali. Juu yake weka neno moja la shukrani na namba yako ya WhatsApp. Hapo ndipo mteja anasimama na simu mkononi akisubiri ujumbe urudi. Huo ndio muda wa kumwambia, "Nihifadhi kabisa, mama, Sambusa Tandika."

Mfundishe bodaboda njia ya kwako

Mgeni akishuka kituoni na asijue pa kwenda, anamuuliza nani? Dereva wa bodaboda. Kijiwe cha bodaboda ndiyo ofisi ya mapokezi ya mtaa wenu.

Nenda kijiweni asubuhi moja na sahani ya maandazi. Wasalimie, jitambulishe, waeleze upo wapi. Waombe mtu akiulizia chapati au cherehani wamlete kwako. Rudi tena baada ya wiki mbili. Kibubu kikijaa, wachapishie vizibao viwili vya kuakisi mwanga vyenye jina la biashara yako mgongoni. Wanavihitaji kwa usalama wao usiku, na jina lako litazunguka kata nzima kwa mafuta ya mtu mwingine.

Wewe nawe jifunze kuelekeza kama wao. Andika maelekezo mafupi yanayotaja vitu vinavyoonekana: "Shuka sokoni, ingia njia ya mashine ya kusaga, nyumba ya tatu kushoto, mlango wa bluu." Yahifadhi kwenye majibu yako ya haraka.

Kisha jisajili kwenye ramani ya Google kupitia Google Business Profile. Nayo ni bure. Watakuomba kuthibitisha kwamba biashara ipo, mara nyingi kwa kupiga video fupi ya eneo lako. Weka picha, saa za kazi na namba. Waombe wateja watano unaowaamini waandike maoni yao ya kweli, na kila maoni uyajibu kwa heshima, hata ya kulalamika.

Mlango wako useme kitu leo

Bango lenye jina peke yake linazoeleka baada ya wiki. Watu hupita bila kuliona. Ongeza ubao mdogo wa chaki, uuegemeze mlangoni, na uuandike upya kila asubuhi.

Andika kitu kimoja na bei yake: "Leo: supu ya mbuzi na chapati mbili, 3,000. Mpaka saa nne." Herufi kubwa, zilizonyooka. Kama mwandiko wako si mzuri, mpe mwanao anayesoma shule ya msingi, atafurahi. Muda uliowekwa unamsukuma anayesitasita, na ubao unaobadilika unawafanya wapita njia wazoee kuutazama.

Ukitaka bango kubwa lililosimikwa nje, pita kwanza ofisi ya serikali ya mtaa ukaulize utaratibu na ada za halmashauri. Kuuliza ni bure, kung'olewa bango ni hasara. Na ukiweka spika mlangoni, punguza sauti. Jirani asiyelala vizuri hawezi kuwa mteja.

Tafuta wenzako wa safari moja

Mteja wa harusi hanunui kitu kimoja. Anahitaji kitambaa, fundi, msusi, mpambaji, mpiga picha, keki na mpishi. Wote hao ni wafanyabiashara wadogo kama wewe, na hakuna anayegombania kazi ya mwingine.

Chagua wawili au watatu mnaoaminiana. Kila mmoja aweke kadi za wenzake mezani kwake. Fundi akipima nguo, aulize, "Na nywele umepata msusi?" Msusi akimaliza, aulize kuhusu picha. Mkutane mara moja kwa mwezi, nusu saa, kila mtu aje na daftari: nani kamletea nani. Anayepokea tu bila kutoa ataonekana mapema.

Chagueni kwa uangalifu. Unapompeleka mteja kwa mtu, unaweka jina lako rehani. Mpambaji akichelewa, lawama zitarudi mpaka kwenye cherehani yako.

Peleka sampuli pale watu walipokwisha kusanyika

Vikundi vya vikoba hukutana kila wiki, siku ileile, saa ileile. Hao ni watu ishirini au thelathini wanaofahamiana, wanaoaminiana, na siku hiyo wana fedha mkononi. Mwone mwenyekiti au katibu wao kwanza, umwombe dakika tano baada ya kikao.

Usihutubie. Onjesha. Kata keki vipande vidogo, pitisha sahani, sema sentensi yako moja na bei, kisha andika oda. Kama unauza sabuni ya maji, osha sufuria moja yenye masizi mbele yao. Mkono unaoshuhudia unasadikisha kuliko mdomo.

Vivyo hivyo kwa ofisi ya jirani, chumba cha walimu, gereji yenye mafundi kumi. Onjesha mara moja, kisha rudi siku ileile wiki inayofuata. Ukirudi mara tatu, watakuwa wanakusubiri.

Tembea na kalenda ya mtaa

Chukua kalenda, weka alama siku ambazo fedha na mahitaji vinakutana. Mishahara ya mwisho wa mwezi. Shule kufunguliwa Januari. Ramadhani, Idi, Pasaka, Krismasi. Sabasaba Julai 7, Nanenane Agosti 8. Kwa walioko mashambani, mavuno.

Siri ni kutangulia. Sare za shule zitangaze mapema Desemba, kabla mzazi hajamaliza hela ya sikukuu. Fundi wa nguo za Idi, tangaza tarehe ya mwisho ya kupokea vitambaa na uisimamie. Sambusa za futari, anza kuchukua oda wiki moja kabla ya mwezi kuandama.

Kama uko karibu na viwanja vya Nanenane, kama vile John Mwakangale Mbeya, Nzuguni Dodoma au Themi Arusha, unganeni watu watatu mchangie gharama za meza moja. Bidhaa zisishindane. Kila anayepita aondoke na kadi yenye namba, hata kama hakununua.

Ukilipia tangazo, anza na dogo

Ukishafanya hayo yote, ndipo uguse matangazo ya kulipia ya Facebook na Instagram. Usilipie chapisho lisilopendwa. Lilipie lile ambalo tayari watu wameliitikia bila hela yako.

Chagua eneo dogo kuzunguka ulipo, kilomita chache tu. Mtu wa Mwanza hatakuja Tandika kula chapati. Weka kitufe cha kumpeleka mtu moja kwa moja WhatsApp. Endesha kwa siku tatu, kisha angalia ni wangapi walioandika na wangapi walionunua. Kama waliopenda ni mia na walionunua hakuna, simamisha.

Redio ya eneo lenu nayo usiiogope. Badala ya kununua tangazo, wapigie watangazaji wa kipindi cha asubuhi, ujitolee kutoa zawadi ya msikilizaji: keki moja, kushonewa shati moja. Mara nyingi zawadi hutajwa pamoja na aliyeitoa.

Gawa kibubu, kisha hesabu

Zile 30,000 zigawe mafungu matatu. Kumi ya nyongeza na zawadi za walioleta wateja. Kumi ya bando na simu. Kumi ya kitu kimoja cha kudumu: mwezi huu muhuri, ujao ubao, unaofuata stika. Kikizidi bei, subiri mwezi wa pili. Usikope kwa ajili ya tangazo.

Mwisho wa mwezi fungua daftari, tazama ile safu ya tano. Hesabu kwa vijiti: wangapi waliletwa na mteja, wangapi na bodaboda, wangapi na Status, wangapi walisoma ubao. Njia iliyoleta wengi, iongezee nguvu. Njia ambayo miezi miwili haijaleta mtu, iache bila huruma, hata kama uliipenda.

Usianze na yote. Leo jioni fanya matatu: nunua daftari, andika sentensi yako, weka elfu ya kwanza kwenye kibubu. Kesho alfajiri mteja wa kwanza akisimama mbele ya meza yako, mfungie sambusa zake, mtazame usoni, umuulize: "Kaka, hivi ulitufahamu kupitia kwa nani?" Atakutajia jina. Liandike, na mtu huyo akija, mwekee moja ya nyongeza umwambie ni kwa nini.